Kuvua paiki kwa mkuki chini ya barafu: mwongozo kamili kwa marafiki wanaoanza Minnesota

Maziwa ya Minnesota yakishaganda, utawaona watu wakiburuta vibanda vyeusi visivyo na dirisha mpaka mbali na ufukwe. Ndani yake wanakaa gizani saa nyingi, macho chini, mkuki tayari, wakimsubiri paiki (northern pike): samaki mrefu wa maji baridi mwenye mdomo bapa uliojaa meno. Wengi wetu tuliotoka Kenya, Tanzania au Kongo tukaja kuishi huku hujifungia ndani kuanzia Novemba hadi Aprili, na tunaukosa uvuvi ambao, kwa maoni yangu, unatufaa kuliko wote. Hauhitaji kuogelea wala mashua. Unafanywa mmekaa, wawili au watatu, chai ya tangawizi kwenye chupa na hadithi zisizoisha. Na unaona kila kitu: samaki anavyokuja, anavyosita, anavyogeuka kuondoka.

Lakini una sharti moja ambalo uvuvi wa ndoano hauna. Samaki wa ndoano unamvuta, unamtazama, unampima, na akiwa si halali unamrudisha majini. Samaki wa mkuki harudi. Ukishauachia umeamua, na kama umemchoma asiyeruhusiwa, amekufa bure na wewe umevunja sheria. Kwa hiyo karibu kila kitu katika mwongozo huu, kuanzia rangi ya ukuta wa kibanda mpaka namna ya kusemezana na mwenzako, kina kazi moja: kukupa muda na mwanga wa kumjua samaki kabla ya kuuachia mkuki.

Sheria kabla ya vifaa

Msimu wa mkuki wa kibandani Minnesota huanza katikati ya Novemba na kufungwa Jumapili ya mwisho ya Februari, na huvuliwa mchana tu, kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama. Mtu mzima anahitaji leseni mbili: ile ya kawaida ya uvuvi, na juu yake leseni ya mkuki wa kibandani. Kwa mambo ya uvuvi jimbo humhesabu mtu kuwa mkazi akishaishi humo siku 60, kwa hiyo aliyehamia wakati wa kiangazi anakata leseni ya mkazi bila shida. Kibanda kikilala ziwani bila mtu nacho hukatiwa leseni yake, huandikwa utambulisho wa mwenyewe kwa nje, na hubandikwa vipande vinavyoakisi taa ili wenye skuta za theluji wasikigonge usiku. Mwezi Machi vibanda vyote huondolewa, na tarehe ya mwisho hutegemea uko kusini au kaskazini mwa jimbo.

Wanaoruhusiwa kuchomwa ni paiki kwanza kabisa, pamoja na kambale na samaki wanaohesabiwa wa hadhi ya chini kama kapu (carp). Wolai (walleye) haruhusiwi. Besi (bass) haruhusiwi. Maski (muskie), ambaye ni ndugu wa paiki na amefanana naye kupindukia, haruhusiwi, na huyo ndiye atakayekupa kazi.

Tangu 2018 jimbo limegawanywa katika kanda tatu za paiki. Kanda ya kusini unaruhusiwa wawili tu, na kila mmoja awe na urefu wa inchi 24 (sentimita 61) au zaidi. Kanda ya kaskazini ya kati idadi ni kubwa zaidi, kwa sababu maziwa yake yamejaa paiki wadogo, lakini samaki wa inchi 22 hadi 26 wanalindwa ili wakue: wa ndoano harusiwi hata mmoja wa urefu huo, na wa mkuki anaruhusiwa mmoja tu. Kaskazini mashariki kuna taratibu zake. Yako pia maziwa yenye masharti yao peke yao, kwa hiyo fungua kijitabu cha kanuni cha mwaka huo, kinachotolewa bure na Idara ya Maliasili ya Minnesota (DNR), utafute jina la ziwa lako kabla ya kutoka nyumbani.

Jambo jingine ni la heshima na la sheria pia. Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, wamekuwa wakivua kwa mkuki katika maziwa haya, na kuchonga samaki wa mbao wa kuwavutia paiki, tangu kabla ya jimbo lenyewe kuwepo. Walilala kifudifudi juu ya barafu, wamejifunika blanketi au ngozi kuzuia mwanga, tundu likiwa chini ya uso wao. Kibanda cha leo kimetokana na ujuzi huo. Haki zao za kuvua zimo katika mikataba, ukiwemo ule wa 1837, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilizithibitisha mwaka 1999 katika kesi ya Waojibwe wa Mille Lacs. Ukivua ndani ya mipaka ya ardhi yao iliyotengwa (reservation), kwa mfano Leech Lake, uliza taratibu za hapo na uzifuate.

Barafu

Hapa sitakimbia, kwa sababu sisi hatukuzaliwa kwenye barafu na hatuna macho ya kuisoma. Mwenyeji aliyeanza kutembea juu yake akiwa na miaka mitatu anajua mambo ambayo hata hawezi kukueleza. Sisi tutumie vipimo.

Ushauri wa DNR ni huu: barafu mpya, angavu na ngumu ya inchi 4 (sentimita 10) kwa mtu anayetembea, inchi 5 hadi 7 kwa skuta ya theluji, inchi 9 hadi 10 kwa gari dogo. Chini ya inchi 4, baki ufukweni. Barafu nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, ina takriban nusu ya nguvu ya barafu angavu, kwa hiyo zidisha vipimo hivyo mara mbili. Tena unene wa mahali pamoja hauelezi unene wa mahali pengine. Mto unapoingilia au kutokea, kwenye mlango mwembamba kati ya ghuba mbili, penye chemchemi, karibu na magati yenye mashine za kupuliza hewa: hapo barafu huwa nyembamba hata katikati ya Januari. Theluji nene pia hulifunika ziwa likachelewa kuganda.

Nenda na mtaimbo. Mtu wa mbele anapiga kwa nguvu hatua moja mbele yake kabla ya kukanyaga. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, geuka na urudi kwa nyayo zako zilezile. Kila mita 45 hivi, toboa kwa keekee upime kwa rula. Tembeeni kwa msururu, mmeachana mita kadhaa, msilundikane mahali pamoja kwa ajili ya mazungumzo.

Kila mmoja avae jaketi okozi, awe na njumu za barafu miguuni, filimbi, na misumari miwili yenye mishikio iliyoning'inizwa shingoni kwa kamba. Hiyo misumari ndiyo itakayokutoa, kwa kuwa barafu iliyolowa haishikiki kwa mikono mitupu. Mmoja wenu abebe kamba ndefu mahali inapofikika haraka, si chini ya mizigo.

Ukitumbukia, waokoaji wa huku hufundisha namba tatu: 1, 10, 1. Una dakika 1 ya kuituliza pumzi, maana baridi itakufanya uheme ovyo. Usihangaike na kitu kingine. Una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Na una kama saa 1 kabla baridi haijakupoteza fahamu. Watu wengi hawajui hiyo namba ya mwisho, wanakata tamaa mapema. Geukia upande uliotoka, kwa kuwa barafu ya huko ilikubeba. Choma misumari, piga miguu kama unayeogelea, jivute kwa tumbo, kisha biringika mpaka mbali. Usisimame. Na wewe rafiki uliyebaki juu, usimkimbilie. Lala chini, mrushie kamba.

Hakuna anayekwenda peke yake, hata kama ziwa liko nyuma ya nyumba yake.

Kuchagua mahali

DNR ina huduma ya mtandaoni iitwayo LakeFinder inayoonyesha ramani za kina cha maziwa na matokeo ya nyavu za utafiti. Tafuta ziwa lenye maji safi na paiki wengi, kisha tafuta humo ghuba yenye majani ya chini ya maji. Paiki ni mwindaji wa kuvizia: hujificha kwenye ukingo wa majani na kuchomoka ghafla. Wewe weka kibanda pale majani yanapoishia, kina cha mita 2 hadi 4. Pakizidi kina hicho mkuki unachelewa, na samaki anakuwa kivuli tu. Ndani kabisa ya majani nako huoni kitu.

Wiki za mwanzo wa barafu ndizo bora. Majani bado ni mabichi, maji yametulia na kuwa angavu, samaki hawajachoka. Ndizo pia wiki zenye barafu nyembamba kuliko zote, kwa hiyo rudi usome tena sehemu iliyotangulia.

Kibanda na hewa yake

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Tanganyika huwasha taa usiku ili samaki waje. Hapa mambo ni kinyume: unazima mwanga wako ili uone wao. Jua hupenya kwenye barafu kuzunguka kibanda na kuyaangaza maji kutoka pembeni. Ndani kukiwa na giza, uso wa maji hauakisi kitu, na tundu zima linang'aa kama karabai iliyotiwa pampu. Unaona kila jani. Samaki naye, akitazama juu, haoni ila weusi.

Kwa hiyo giza liwe kamili. Kama mnajenga, plaiwudi ya mita 1.2 kwa 1.8 inatosha watu wawili; ndani pakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Kama mnanunua cha kitambaa, hakikisheni kimetengenezwa kwa kazi hii, kwa kuwa vibanda vya kawaida vya ndoano hupitisha mwanga. Mkishakisimamisha, ingieni, fungeni mlango, mtafute kila mwanya unaong'aa. Zungusheni theluji kwenye kitako chote kwa nje. Kisha, hatua chache kutoka kibandani, fagieni theluji juu ya barafu katika viraka viwili vitatu: kila kiraka ni dirisha la jua kuingilia majini. Vaeni nguo za rangi iliyokoza. Koti la manjano huonekana kutoka chini. Mlango sharti ufunguke kutoka nje mtu akiwa ndani. Ni sheria, na ni uhai pia.

Sasa hewa. Kibanda kisicho na mwanya wa mwanga mara nyingi hakina mwanya wa hewa, na humo mnawasha hita ya gesi. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, haina harufu wala rangi. Tobolea matundu mawili ya hewa yenye kifuniko cha kuzuia mwanga, moja chini na moja juu, na uning'inize kengele ya kaboni monoksidi yenye betri mpya. Mtu akilalamika kichwa kinamuuma, anahisi kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni wote kwanza, mjadiliane nje. Jiko la mkaa lisiingie kabisa. Nalisema waziwazi kwa sababu nyumbani tumezoea kuota jiko, na mkaa ndani ya kibanda kilichozibwa huua.

Tundu

Tundu la mkuki ni kubwa: sentimita 60 kwa 90 kwa kuanzia. Toboa pembe nne kwa keekee, ongeza matundu mengine kwenye pande ndefu, halafu unganisha kwa msumeno wa barafu. Hapa wageni hujidanganya kuhusu uzito. Barafu ya unene wa sentimita 30 yenye ukubwa huo hukaribia kilo 150. Ikate vipande vinne au vitano ikiwa bado imeshikilia, na utoe kimoja kimoja kwa koleo la barafu. Wengine huvisukuma viende chini ya barafu, nayo ni njia nzuri ilimradi viteleze mbali visije vikarudi kukuzibia. Chota vidonge vilivyobaki kwa upawa wenye matundu mpaka maji yawe safi kabisa.

Chini ya tundu panahitaji kitu cheupe ili mgongo mweusi wa paiki ujichore. Wazee wa huku hutupa vipande vya viazi au maganda ya mayai. Mimi napendelea vipande vya bomba jeupe la plastiki vilivyofungwa kamba na kuteremshwa, kwa sababu jioni vinatoka vyote, na kwa sababu vinafanya kazi ya pili: kata kimojawapo kiwe na urefu uleule wa kipimo cha chini cha kanda yako. Ukivua kusini, bomba la inchi 24 likiwa limelala pale chini, paiki akipita juu yake unaona mara moja kama anatosha. Kumbuka tu kwamba aliye juu ya bomba yuko karibu zaidi na jicho lako, kwa hiyo ataonekana mrefu kuliko alivyo. Ukiona wanalingana, mwache apite.

Mkuki

Mkuki wa kibandani ni wa chuma, mzito, wenye meno saba au tisa yaliyopangwa mstari, kila jino na kulabu yake ya kuzuia samaki asichomoke. Uzito ndio nguvu yake. Huu haurushwi kama mkuki wa mawindo, wala hausukumwi kwa mkono mpaka mwisho kama mkonjo wa pweza. Unaachiwa, nao unashuka wenyewe.

Funga kamba imara kwenye tundu lililo mwisho wa mpini, na upande wa pili kwenye boriti ya kibanda, usifunge kwenye kifundo cha mkono wako. Urefu wa kamba uzidi kina cha maji kwa mita kadhaa. Noa meno kwa tupa kila baada ya kugonga mwamba. Ukiubeba, meno yavalishwe bomba la mpira au kipande cha mbao. Ndani ya kibanda usimame kwenye kona, meno chini kwenye kibao, kamwe usilazwe sakafuni gizani penye miguu ya watu.

Samaki wa mbao

Huyu ndiye anayefanya kazi halisi ya kumleta paiki. Ni kipande cha mbao kilichochongwa umbo la samaki, sentimita 15 hadi 25, tumboni kimetiwa madini ya risasi ili kizame, na mapezi yake ni ya bati. Ukipinda mapezi na mkia kidogo, ukivuta uzi juu anapiga duara. Ukiulegeza anashuka taratibu akizunguka. Mjaribu kwanza kwenye pipa la maji au beseni kubwa nyumbani, na upinde bati kidogo kidogo mpaka duara lake liwe pana na tulivu. Kuhusu rangi watu hubishana mpaka chai inaisha. Nyekundu na nyeupe inaonekana vizuri karibu kila mahali, anza nayo.

Pima urefu wa samaki wako wa mbao na uukariri. Akiwa na inchi 8, paiki anayelingana naye mara tatu, akiwa katika kina kilekile, ana inchi 24. Hicho ni kipimo cha pili baada ya bomba, na ni sahihi zaidi kwa kuwa paiki humsogelea akawa naye sambamba.

Kukaa wawili

Gawaneni kazi. Mmoja anachezesha samaki wa mbao, mwingine anashika mkuki, na mnabadilishana kila nusu saa kwa sababu macho huchoka. Mkikaa mkitazamana, kushoto kwako ni kulia kwa mwenzako, na paiki hasubiri mtafsiriane. Kubalianeni majina ya pande kabla hamjaanza: "mlangoni", "hitani", "nyuma". Anayemwona wa kwanza anasema neno moja tu, kwa sauti ya chini: "hitani". Samaki anahisi mtikisiko kuliko sauti, kwa hiyo mnaweza kupiga soga mchana kutwa bila kumfukuza, lakini kiti kikikwaruza barafu au buti likigonga sakafu anaondoka.

Na kubalianeni kanuni hii, ambayo naishikilia kuliko zote: anayeamua kuachia ni mwenye mkuki peke yake, lakini yeyote anayesema "acha" anatiiwa papo hapo, bila kuulizwa sababu. Hakuna "mchome, mchome!" kibandani. Kelele za kuhimizana ndizo zinazofanya mkono wa mgeni uachie kabla jicho halijamaliza kazi yake. Hata mtoto aliyekuja kutazama ana haki ya kusema "acha", na mkubwa anautua mkuki.

Paiki anapokuja

Mnaweza kukaa saa tatu mkitazama vidagaa vya huku vikipita. Halafu vidagaa vinatoweka vyote kwa mara moja. Hiyo ni dalili. Mwenye mkuki auchukue sasa.

Paiki huja kwa namna mbili. Wengine huchomoka na kumgonga samaki wa mbao kabla hujajua kilichotokea. Wengi, hasa wakubwa, hujitokeza pole pole, pua kwanza, wakasimama kwenye ukingo wa tundu nusu wakiwa chini ya barafu, wakitazama. Hapo mgeni huharibu kwa kumtikisa samaki wa mbao kwa nguvu. Fanya kinyume: mtulize, kisha mguse kidogo sana, mapezi yatetemeke tu. Akiendelea kusita, mvute apige duara moja refu kana kwamba anakimbia, mrudishe katikati. Mara nyingi paiki humfuata, na akimfuata amekuja chini yako.

Wakati huo teremsha meno ya mkuki ndani ya maji, polepole, bila mapovu. Mkuki unaoingia majini kwa kishindo humwonya. Ule uliokwisha kuzama haumshtui. Shika wima.

Sasa mtambue. Paiki ana mwili wa kijani iliyokoza wenye madoa meupe marefu. Maski ni kinyume chake, mwili mwepesi wenye madoa au michirizi myeusi. Ncha za mkia wa paiki ni za mviringo, za maski zimechongoka. Mkiwa naye mkononi mngeweza kuhesabu vitundu chini ya taya, visivyozidi vitano kila upande kwa paiki na sita au zaidi kwa maski, lakini majini vitundu hivyo havionekani, kwa hiyo msivitegemee. Tegemeeni madoa na mkia. Katika maziwa kama Leech Lake wote wawili wamo pamoja, na samaki mkubwa kupita kiasi ndiye wa kutiliwa shaka zaidi, wakati ndiye anayeutetemesha mkono. Mwache ageuke akuonyeshe ubavu. Asipogeuka, mwache aende.

Mtambue, mpime kwa bomba au kwa samaki wa mbao, na umsubiri awe chini yako hasa. Maji huupinda mwanga: kitu kilicho pembeni hakipo pale unapokiona, na kila kitu huonekana kiko juu kuliko kilivyo, takriban robo tatu ya kina chake. Ukitazama wima tu ndipo mahali pake panakuwa kweli.

Lenga nyuma ya kichwa, pale kichwa kinapoungana na mgongo, meno yakiukata mwili wake kwa upana. Achia kwa msukumo mfupi. Akipigwa hapo hufa mara moja, na nyama yote ya mgongoni inabaki nzima. Pigo la tumboni ni mateso kwake na hasara kwako. Mkuki ukishatua, uache umbane chini mpaka atulie. Ukimvuta mapema akiwa anapiga mkia ndipo anapochomoka na kwenda kufia mbali. Kisha vuta kamba kwa mwendo mmoja usiokatika, mtoeni nje ya mlango, mkamtoe kwenye meno huko nje kwenye mwanga, mkiwa na glovu. Meno yake yanakata, na yale ya chuma zaidi.

Wakati wa kuondoka

Samaki aende nyumbani akiwa mzima, na kichwa, mkia na ngozi yake, ili askari wa wanyamapori akiwasimamisha aweze kumpima. Takataka zote zirudi nanyi. Kuacha uchafu juu ya barafu ni kosa kisheria. Tundu lililoachwa huganda juu kwa utando mwembamba, theluji inalifunika, na mtoto au mtu wa skuta anaingia. Zungusheni vile vipande vya barafu mlivyotoa, visimame, na mchomeke matawi marefu yanayoonekana kwa mbali.

Jikoni

Paiki ana sifa mbaya kwa sababu ya miiba yake yenye umbo la Y ndani ya minofu. Dawa yake ni kumkata vipande vitano. Kwanza osha utelezi kwa siki au chumvi na ndimu. Mlaze kwa tumbo, kata nyuma ya kichwa mpaka uguse miiba, lala na kisu kuelekea pezi la mgongoni: umetoa kipande cha juu. Kisha shuka kila ubavu, kisu kikifuata nje ya mstari wa miiba unaoupapasa kwa kidole, mpaka mbavuni: vipande viwili. Mwisho, kutoka pezi la mgongoni hadi mkiani hakuna miiba ya Y, kwa hiyo toa mnofu wa kila upande. Vitano.

Nyama yake ni nyeupe na haina mafuta mengi, hivyo tui la nazi linaifaa sana. Itie ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, ichome juu juu, halafu imalizie kwenye rojo zito la kupaka. Iive kabisa, ndani ifike nyuzi 63 za Selsiasi, kwa kuwa paiki wa maji haya anaweza kuwa na tegu. Wakubwa sana hukusanya zebaki mwilini. Kwa wajawazito na watoto fuateni mwongozo wa Idara ya Afya ya Minnesota kuhusu ni mara ngapi wale, na kwa mezani wachagueni wadogo walio halali.

Kichwa na mifupa vitoe matamvua, vioshe mpaka maji yasiwe na damu, uvichemshe na nyanya, pilipili manga na ndimu nyingi. Chuja vizuri kwa kichujio cha matundu madogo kabla ya kumpa mtu bakuli, maana ile miiba hujitenga na nyama ikaelea kwenye supu.